Sherehe Hii ni ya Nani?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali ambalo limenisumbua tangu mwaka 2024 na ambalo mpaka leo sijalimaliza. Hivi mtu anapowafanyia wazazi wake sherehe, anawafanyia wao au anajifanyia mwenyewe? Usilijibu haraka. Mimi nililijibu haraka nikaumbuka, na ndiyo maana naandika.

Wazazi wangu walifunga ndoa Agosti 1974. Hesabu ni rahisi: Agosti 2024 walitimiza miaka 50. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo mpaka alipostaafu, Mama aliuza vitumbua na baadaye akashona. Wanaishi Temeke, katika nyumba ambayo Baba aliijenga tofali kwa tofali, mwaka huu chumba, mwaka kesho bati. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwaona wakiadhimisha siku ya ndoa yao. Ilipita kama Jumanne nyingine yoyote.

Aliyekumbuka ni kaka yetu mkubwa. Akatuita kikao, kikao chenyewe cha kwenye simu, kama vilivyo vikao vya familia nyingi siku hizi. Akasema lazima tufanye jubilei. Ukumbi, mshereheshaji, mpiga video, keki ya ghorofa tatu, vitenge sare. Bajeti shilingi 6,000,000. Yeye atatoa 2,000,000, dada 1,000,000, zilizobaki tutachangisha kwa kadi. Mimi? "Mdogo wetu atatoa chochote."

Chochote! Neno lile lilinichoma. Wakati ule nilikuwa nasahihisha makosa ya chapa kwenye vitabu vya watu, nalipwa kwa ukurasa, na kurasa zenyewe zilikuwa za msimu kama maembe. Basi usiku ule nikatunga hotuba. Nikasema wazee wetu ni watu wa maisha ya kawaida, kelele za ukumbini hazitawafaa. Tuwapeleke mandari, ufukweni Kigamboni, sisi wenyewe tu, chakula cha nyumbani, mkeka, upepo wa bahari. Nikamalizia na maneno ya wahenga: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilijiona nimesema.

Kaka akajibu kwa mstari mmoja: "We sema huna hela tu."

Kimya. Hakuna aliyeandika kitu mpaka asubuhi.

Nilikasirika, lakini hasira ilipotulia nikaona kwamba kaka alikuwa ameuliza swali gumu kuliko alivyodhani. Je, mtu asiye na uwezo anaweza kujisifu kwa kuchagua udogo? Asiyekuwa na gari akisema "mimi napenda kutembea", tunamwamini? Kama ningekuwa na milioni mbili mfukoni ningetetea mkeka kwa nguvu ile? Nilijipima kwa unyofu, nikaona kwamba sijui. Huenda ningekuwa wa kwanza kudai keki iongezwe ghorofa ya nne. Sikuchagua unyenyekevu. Nilikuwa nimesukumiwa kwenye kona, nikaipamba kona ile kwa methali.

Lakini ngoja. Na yeye kaka, je? Mpiga video alikuwa wa nini? Wazee wetu hawana hata mtambo wa kuitazamia hiyo video. Ilikuwa kwa ajili ya watu wa kazini kwake, waone kwamba ana wazazi na anawajali. Kumbe wote wawili tulikuwa tunatengeneza picha. Yake ilikuwa ya mwana mwenye mafanikio, yangu ya mwana mwenye hekima. Wazazi walikuwa fremu tu.

Dada ndiye aliyetutoa huko, na hakututoa kwa falsafa. Alikwenda Temeke siku moja akamkuta Mama anatafuta kitu kwenye daftari lake. Wenzangu mnaoishi mjini mnalijua daftari hilo, au mnaye mama mwenye nalo. Linaandikwa nani alitoa shilingi ngapi kwenye msiba wa nani, nani alichangia harusi ya binti wa nani, ili zamu ikifika urudishe, na ikiwezekana uongeze kidogo. Mchango kwetu si zawadi kamili, ni kitu kinachozunguka. Na si kitu kibaya, maana ndicho kilichowazika maskini kwa heshima na kuwaoza watoto wao. Lakini dada akauliza: hizo milioni 3 za kadi zitaandikwa kwenye daftari la nani? Si langu wala si la kaka. Majirani wa Temeke watakuwa wamemchangia Mama na Baba. Sisi tukiisha kupiga picha tutarudi makwetu, na Mama, kwa fedha ya cherehani, atakaa miaka mingine kumi analipa sherehe ya kumshukuru.

Hapo hata kaka alinyamaza. Tutamshukuruje mtu kwa kumkopesha deni?

Na hapo pia ndipo tulipogundua jambo la aibu zaidi. Tulikuwa tumebishana wiki mbili juu ya siku ya watu wawili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo. Lakini wale walikuwapo, pale pale Temeke, nauli ya daladala moja tu.

Nikaenda. Nilimkuta Mama uani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mandari kwa maneno mazuri yale yale, bahari, upepo, mkeka. Alisikiliza huku anatoa chuya. Kisha akauliza:

"Huko choo kiko wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Baba yako ana vidonge vya presha, vinamwendesha haja kila saa. Na huo mkeka, kukaa atakaa. Nani atamnyanyua?"

Ndugu msomaji, nilisoma vitabu vingi kidogo, lakini sijapata kusomeshwa kwa maswali mawili namna ile. Mkeka ule niliokuwa nautetea kama alama ya mapenzi ulikuwa wa magoti yangu mimi, magoti ya kijana. Miaka mingapi Baba ananyanyuka kwa kushika ukuta, na mimi naona, na sioni? Nikaanza kuelewa kwamba ukumbi na mkeka havikutofautiana sana. Vyote viwili vilipangwa na watu wasiowatazama wahusika.

Tangu hapo mpango ukawa mwingine. Bajeti yake tuliiandika nyuma ya bahasha, na kila mstari ulikuwa na sababu. Bajaji ya kuwachukua wazee mlangoni mpaka Magogoni na kuwarudisha, 20,000, kwa sababu ngazi ya daladala ni ndefu. Pantoni, 200 kila mtu. Bajaji mbili upande wa Kigamboni, 12,000. Jamaa mmoja mwenye banda ufukweni, 5,000, atupe kivuli na ufunguo wa choo, na choo nilikwenda kukikagua mwenyewe Jumatano. Kuku mmoja wa kienyeji, mchele kilo mbili, viungo, machungwa. Chumvi kidogo kwa ajili ya presha, pilipili pembeni. Viti viwili vya plastiki vyenye mikono tulivitoa nyumbani, mjukuu wao wa kidato cha nne akavibeba kichwani. Jumla, shilingi 77,800. Kaka alilipa nusu na hakusema neno.

Wakati tunasubiri siku yenyewe nilifikiri sana juu ya neno "deni". Sisi vijana tunalipenda. Tunasema tuna deni kwa wazazi, hatutaweza kulilipa. Wazo hilo ni kongwe. Aristotle wa Uyunani aliandika kwamba chochote atakachofanya mwana hakitafikia alichopewa na baba yake. Lakini mwaka 1979 mwanafalsafa wa Marekani, Jane English, aliandika kinyume. Alisema watoto wakubwa hawadaiwi chochote na wazazi wao kwa malezi, kwa sababu yaliyofanywa kwa upendo hayakuwa mkopo. Kinachowapasa watoto kuwatendea wazazi hutoka katika mapenzi yaliyopo sasa, kama ya marafiki, si katika hesabu ya yaliyopita.

Mara ya kwanza maneno haya yalinikera. Yalinisikikia kama ya mtu asiyewahi kumwona mama anakaanga vitumbua saa kumi alfajiri. Sisi tunasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi ina ujira wake. Lakini nikirudi kwenye daftari la Mama naona kitu. Mle ndani mna majina ya mtaa mzima. Hamna jina langu. Hamna ada ya shule, hamna usiku wa malaria, hamna viatu. Mtu aliyeandika kila shilingi 500 ya jirani hakuandika hata moja ya watoto wake. Kama yeye hakuiita mkopo, mimi ni nani niiite deni? Sisemi kwamba basi hatuwajibiki. Nasema kwamba anayelipa deni humtazama mdai ili aone lini atamwachia. Anayependa humtazama mtu aone magoti yake.

Siku ikafika, Jumamosi. Kwenye pantoni Baba alikataa kukaa. Alisimama ameshika chuma, kofia imemkaza, akatazama maji mpaka ng'ambo. Tulipofika tulikula, machungwa yakamenywa. Kaka alikuwa ameandika hotuba fupi, akaitoa mfukoni, akageuka, akamkuta Baba amelala kitini, mdomo wazi. Akaniegemea akaninong'oneza: "Ndo sherehe hii?" Sikujibu, maana hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Mama alikuwa amevua viatu anachezesha vidole mchangani. Akasema, kama anayezungumza na vidole vyake: "Hapa alinileta wiki ile tulipooana. Akaniambia twende nikakuonyeshe kwa ndugu yangu. Tukavuka, tukatembea mpaka nikachubuka, ndugu mwenyewe hayupo. Tukanunua mihogo ya kukaanga, tukarudi."

Baba, macho yamefumba bado, akasema: "Alikuwa amehama."

"Miaka hamsini amehama tu!"

Tulicheka mpaka mwenye banda akachungulia. Mjukuu akauliza, "Babu, kwa nini ulimdanganya Bibi?" Baba akafungua macho. Akasema chumba alichokuwa anaishi kilikuwa cha watu watatu, wenzake walitoka kwa heshima siku nne tu, ya tano wakarudi. "Ningempeleka wapi? Sikuwa na hela. Pantoni nilikuwa na nauli yake."

Nilimtazama kaka na kaka alinitazama. Hatukuwa tumesikia habari hii kabla. 1974 ulikuwa mwaka wa ukame, nchi inaagiza nafaka nje, na kijana mmoja wa kiwandani alikuwa amefanya kile kile nilichokifanya mimi: alikosa, akageuza kukosa kwake kuwa matembezi, akayapamba kwa uongo mdogo. Na mwanamke aliyechubuliwa miguu siku ile alikuwa bado anaikumbuka. Hivyo swali la kaka, kwamba tendo la asiye na hela ni la kulazimika tu, nadhani lilipata nusu ya jibu lake. Uhaba hukuchagulia ukubwa wa kitu. Haukuchagulii kama utakwenda au hutakwenda, na umkumbuke nani ukiwa njiani.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mshindi. Lakini nimeahidi unyofu. Jioni tukiwa kwenye pantoni ya kurudi, jua linazama nyuma ya majengo ya mjini, Mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nimefurahi." Kisha akaongeza polepole, "Ila keki ningeila."

"Mama! Si ungesema?"

"Ulikuja unasema hamna hela."

Hilo nalo nimelibeba mpaka leo. Nilidhani kuuliza kunatosha. Kumbe mzazi ukimuuliza anataka nini, kwanza huupima mfuko wako, ndipo hujibu. Choo alikitaja kwa sababu hakina bei. Keki aliimeza. Pengine ameimeza miaka hamsini, na sisi tukaiita tabia yake: Mama hapendi makuu. Ni mara ngapi tumeandika mashairi na hadithi juu ya mama wasiopenda makuu, sisi tunaojifunza kuandika, bila kujua tunasifu kitu walichokimeza?

Jumapili iliyofuata kaka alipita Temeke na keki ndogo ya duara, isiyo na ghorofa hata moja. Hakupiga picha. Mama alikula vipande viwili, Baba akakatazwa kwa ajili ya sukari, akaiba kimoja.

Sasa narudi kwako, msomaji. Siku yao ni lini? Unaijua? Na ukiwauliza wanataka nini wakakujibu "chochote, mwanetu", usiondoke. Kaa. Uliza tena.