Filimbi Bora ni ya Nani?

Yako maswali mazito ambayo wanafalsafa huyauliza kwa kutumia vitu vyepesi, ili sisi watu wa kawaida tusiogope kuyajibu. Mojawapo ni hili: ikiwa iko filimbi moja nzuri, na wanaoitaka ni wengi, apewe nani? Aristotle, yule Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliligusa katika kitabu cha tatu cha kazi yake juu ya siasa, na jibu lake halikuzunguka. Filimbi bora apewe mpigaji bora. Asipewe mtoto wa ukoo mkubwa, wala mwenye sura nzuri. Hata kama ukoo na uzuri ni neema kubwa kuliko ufundi wa kupiga filimbi, alisema, bado havimsaidii mtu chochote wakati wa kupiga.

Niliposoma hayo niliafiki palepale, kama ambavyo angeafiki mwalimu yeyote aliyewahi kuona nafasi ya mtoto wa mkulima ikienda kwa mtoto wa mkubwa.

Kwa haki ya msomaji niongeze kwamba chombo alichokuwa nacho akilini Aristotle hakikuwa filimbi hasa. Wagiriki walikiita aulos, nacho kilikuwa na ulimi wa tete, na kwa kawaida kilipigwa viwili kwa pamoja. Jamaa yake wa karibu huku kwetu ni zumari ya pwani. Na mzee huyohuyo, katika kitabu cha nane cha kazi ileile, alishauri vijana wasifundishwe chombo hicho, kwa kuwa kinachemsha hisia kuliko kujenga tabia. Angekuwa mkaguzi wa vyuo vyetu angetufutia somo.

Mwaka 2009 Amartya Sen, mchumi mwenye asili ya Bengali huko India, alilirudia swali hilo kwa sura nyingine katika kitabu chake kuhusu haki. Watoto watatu wanagombea filimbi. Anne anasema apewe yeye kwa kuwa ndiye pekee ajuaye kuipiga. Bob anasema yeye ni maskini, hana kitu kingine chochote cha kuchezea. Carla anasema ameitengeneza kwa mikono yake kwa miezi mingi. Sen hamtaji mshindi. Anataka tuone kwamba kila mmoja ana hoja ya haki iliyosimama kwa miguu yake, na kwamba hakuna mizani moja ya kuzipimia zote. Naupenda uungwana wake. Lakini mkuu wa chuo hawezi kutoka kikaoni akiwa ameonyesha tu kwamba hoja zote ni nzuri. Ikifika jioni lazima ufunguo wa kabati uwe mkononi mwa mtu fulani.

Nasema hivyo kwa sababu jambo hili lilinifika mezani. Mwaka 1994 mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya alikiachia chuo chetu cha ualimu filimbi ya fedha, ya wapigaji waliokomaa. Sisi tulikuwa na filimbi nne za zamani, mbili zikitoa sauti na mbili zikitoa upepo. Hapo nimweleze msomaji tofauti ya vyombo hivyo, maana hukumu yote imesimama juu yake.

Filimbi ya kisasa, ile inayoshikwa kwa kulazwa ubavuni, ni kazi ya Theobald Boehm, mfua dhahabu na mpigaji wa Munich, Ujerumani. Alipanga upya matundu na vibonyezo mwaka 1832, na mwaka 1847 akalibadili bomba lenyewe. Ile ya wanafunzi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kisha ikapakwa fedha juu. Ile ya waliokomaa huwa ya fedha yenyewe, na wako wenye za dhahabu, hata za platinamu; Edgard Varèse alitunga mwaka 1936 kipande cha filimbi pekee kwa ajili ya filimbi ya platinamu ya Georges Barrère, akakiita Density 21.5, yaani uzito wa madini yale. Kwa hiyo watu hudhani kwamba kinacholipiwa ni madini. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani, John Coltman, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa filimbi zenye umbo la ndani lililo sawa, moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mti. Waliosikiliza bila kuona hawakuweza kuzitenganisha. Wapigaji wenyewe, walipozuiwa kujua wameshika ipi, nao hawakuweza.

Kumbe fedha ile si sababu ya wivu wetu, ingawa ndiyo inayong'aa. Ubora uko katika mambo ambayo hayaonekani kwenye picha. Uko katika namna tundu la mdomo lilivyochongwa kingo zake. Katika vifuniko vinavyoziba matundu bila kuvuja hata chembe. Katika springi zinazokirudisha kibonyezo kabla kidole hakijafikiri. Katika sauti ya chini kabisa kutoka kwa unyenyekevu, bila kulazimishwa. Na hapa pana jambo ambalo wanaonunua vyombo hivi kwa pesa nyingi hawapendi kuambiwa: mwanafunzi wa miezi minne hazioni sifa hizo hata moja. Pumzi yake mwenyewe inavuja kuliko kifuniko chochote kibovu. Anayezihitaji ni yule aliyefika ukutani, ambaye mkono wake umekwisha kukipita chombo alichonacho.

Tulikuwa naye mmoja wa namna hiyo. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili, aliyelelewa jirani na misheni yenye bendi, na aliyeanza kupiga akiwa na umri wa miaka kumi. Alipoharakisha vidole kwenye filimbi zetu kuukuu, sauti za chini zilikatika, naye akawa na tabia ya kubana vibonyezo kwa nguvu hadi vidole vinakuwa vyeupe. Mkufunzi wa muziki alinionyesha jambo hilo kwa uchungu. Chombo kibaya humharibu mpigaji mzuri, kwa kuwa humfundisha mbinu za kukishinda badala ya kumwacha apige. Niseme pia kwamba kijana huyo hakuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa na maringo, na alichelewa mstarini asubuhi.

Na tulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa Nachingwea, ambaye kabla ya kuja kwetu hakuwahi kushika filimbi yoyote isipokuwa ya mwanzi aliyojitobolea mwenyewe. Kila jioni alikuwa nyuma ya bwalo na ile mbovu kuliko zote, akirudia nyimbo tatu zilezile.

Kikaoni tulikuwa wanne. Mtunza stoo, mzee mwenye heshima zake, alitaka filimbi iwekwe katika kabati la vioo ofisini kwangu, wageni waione. Naliheshimu wazo lake kwa dakika moja. Kitu kilichotengenezwa ili kitoe sauti, kikikaa kimya kwa sababu ya thamani yake, kimegeuzwa kuwa kitu kingine, na hapo Aristotle na mimi tuko upande mmoja. Makamu wangu alitaka apewe kijana mradi arekebishe tabia. Aliyenipa kazi ni mkufunzi wa muziki, ambaye nilitazamia amtetee mwanafunzi wake hodari.

"Mkuu," alisema, "huyu kijana amefika alipofika kwa sababu alipewa filimbi akiwa mtoto. Huyu binti hakupewa. Leo tukiuliza nani bora, tunauliza nani alitangulia kupewa. Tutakuwa tunamlipa mtu kwa bahati yake, na tunamtoza mwingine kwa kukosa."

Akaongeza jambo ambalo sikulijua. Katika misitu ya Lindi na Mtwara, alikotoka binti yule, huota mpingo, na mti huo ndio unaosafirishwa Ulaya kutengenezea klarineti, oboe na filimbi za mti. Mtoto wa Nachingwea anaweza kupita chini ya mpingo kila siku akienda shule, na asiione klarineti hata moja mpaka anazeeka. Wakati huo Sen alikuwa bado hajakiandika kitabu chake, lakini nilipokuja kukisoma nilimtambua Carla mara moja: nilikuwa nimemsikia akitetewa ofisini kwangu miaka kumi na mitano kabla.

Hoja ya mkufunzi bado naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote nilizozisikia juu ya jambo hili, na Aristotle hakuigusa. Yeye anaanzia pale ambapo wapigaji wamekwisha kuwa wapigaji. Hauulizi mlango waliopitia. Sisi tulio walimu kazi yetu yote iko mlangoni.

Hata hivyo niliamua apewe kijana, na sababu zangu ni hizi. Kwanza, deni analodaiwa mtu lilipwe kwa kitu anachodai. Binti yule hakuwa akidai springi laini wala tundu la mdomo lililochongwa na fundi mkubwa. Alikuwa akidai filimbi isiyovuja, mwalimu, na saa za kutosha. Tungempa ile ya fedha, asingepata hata kimoja katika hivyo isipokuwa cha kwanza, na cha kwanza kingepatikana kwa njia nyingine. Pili, kumnyima kijana hakungemrudishia binti miaka yake. Kungetuachia wapigaji wawili waliozuiwa badala ya mmoja.

Lakini hoja hiyo ni ya uongo mtupu ikiwa ile "njia nyingine" inabaki mdomoni. Nimeona maisha yangu yote wakubwa wakisema kwamba mnyonge hahitaji kitu hiki bali kile, kisha wakaondoka bila kutoa hiki wala kile. Kwa hiyo niliagiza kwamba filimbi ya fedha isitoke stoo kabla zile mbili zenye uzima hazijatengenezwa. Alipatikana fundi wa bendi ya jeshi, akabadilisha vitambaa vya vifuniko na kizibo cha kichwani. Pesa zilitoka katika fungu la michezo, na timu ya chuo ikamaliza muhula na mpira uliotiwa viraka. Nahodha alikuja kunilalamikia, na alikuwa na haki ya kulalamika. Katika mgawo wa vitu vichache kila mara yupo mtu kama huyo nahodha, ambaye hakutajwa kikaoni.

Maringo ya kijana sikuyatia katika hesabu, na makamu wangu hakufurahi. Niliona kwamba mwenye tabia mbaya ana adhabu zake katika kanuni za chuo, na filimbi haimo katika orodha ya adhabu. Tukianza kuwapa vyombo watu wapole tutapata wapole wengi sana, wengine wa muda tu. Nilichomwekea ni sharti la chuo chenyewe: sisi hatukuwa tukifundisha wapigaji, tulikuwa tukifundisha walimu. Filimbi ilibaki mali ya chuo, na yeye alitakiwa kukaa na wanaoanza mara mbili kwa wiki. Sharti alilitimiza, ila kwa kiasi chake. Alikuwa mwalimu asiye na subira. Alipiga mwenyewe zaidi ya kuwapa wengine nafasi. Binti yule alijifunza zaidi kwa mkufunzi kuliko kwake. Lakini jioni alipopiga peke yake barazani, wanachuo waliacha ndoo bombani wakaja kusikiliza, na vidole vyake havikuwa tena vyeupe.

Watu waliokuwa wanafunzi wangu huniuliza siku hizi, wakijua nilipata kushughulika na jambo hili, wawachagulie filimbi gani watoto wao waliofika mbali. Huwauliza kwanza kama kuna fundi mahali wanapoishi, maana chombo cha bei kubwa kisicho na fundi ni pambo. Halafu huwaambia wasitazame jina wala madini. Mtoto apige sauti za chini kwa upole na za juu kwa upole, maana kelele huficha kasoro, na anayemsikiliza ageukie ukuta.

Njia hiyo sikuisoma popote. Kijana alihitimu akaenda kupangiwa kazi, na filimbi ikarudi stoo. Mtunza stoo akanikumbusha kabati la vioo. Baada ya majuma machache binti wa Nachingwea, sasa mwaka wa pili, alikuja ofisini kuiomba. Hakusema kwamba zamu yake imefika. Alisema sauti yake ya chini imegoma, na hajui kama kosa ni lake au ni la filimbi.

Tulimpeleka darasani yeye na filimbi mbili, ya fedha na ile iliyotengenezwa na fundi. Mkufunzi na mimi tuligeukia ubao. Alipiga kipande kimoja mara sita, akibadilisha vyombo kadiri alivyotaka, nasi tukaandika kila mmoja kwenye karatasi yake. Mkufunzi alikosea mara moja. Mimi, ambaye sikio langu ni la kwaya ya kanisani tu, nilikosea mara mbili. Mwaka uliotangulia nadhani tusingepata hata moja isipokuwa kwa kubahatisha.

Nikamtuma mtu amwite mtunza stoo aje na daftari lake.