Mnara katika Shamba la Mizabibu

Wasomaji wetu watatuwia radhi ikiwa juma hili tunawachukua mbali kidogo na mambo ya nyumbani. Mwaka uliopita, baada ya Pasaka, tulijaliwa kuzuru nchi ya Alsace, iliyoko mashariki ya Ufaransa kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, na tangu turudi tumeulizwa mara nyingi tuliona nini huko. Jibu tulilozoea kulitoa lilikuwa jepesi: tuliona ngome juu ya vilima, na mizabibu chini yake. Lakini kadiri tulivyolirudia jibu hilo ndivyo tulivyoona kwamba twawapunja waulizaji. Yako mambo tuliyoyaona kule ambayo hatukuthubutu kuyasema mezani, nayo ndiyo tunayotaka kuyaandika hapa.

Kwanza nchi yenyewe. Iko njia iitwayo Njia ya Divai, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1953, nayo yatoka Marlenheim upande wa kaskazini hata Thann upande wa kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 170. Kijiji chafuata kijiji. Juu ya kijiji huanza mizabibu, imepangwa mistari kama wanafunzi gwarideni, ikipanda mteremko mpaka pale jua lisipotosha tena. Juu ya mizabibu upo msitu. Na juu ya msitu, penye kilele, mara nyingi husimama gofu la ngome. Nyingi za ngome hizo zimejengwa kwa mawe mekundu ya mchanga, hata jioni jua likiwaka juu yake utadhani matofali yangali tanuruni.

Jina la Marlenheim si geni kwetu kabisa. Huko alizaliwa mwaka 1870 Askofu Fransisko Xaveri Vogt, aliyepewa kuliongoza Kanisa la Bagamoyo mwaka 1906, kabla ya kupelekwa Kameruni. Na Padre Antoine Horner, aliyeianzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, naye alikuwa mtu wa Alsace. Basi wako wazee wetu katika imani waliokulia chini ya minara hii. Twakiri kwamba tulipofika tulijiona kama watu waliokwenda kuangalia nyumba ya babu.

Ngome inayozuriwa na watu wengi kuliko zote ni Haut-Koenigsbourg, iliyo juu ya mlima upitao mita 700. Mgeni huingia, huinua uso, hustaajabu. Huonyeshwa lango, jiko, silaha, vyumba vya bwana, na kisima. Hapo kwenye kisima ndipo sisi tulipokawia. Kina chake ni mita 62, nacho kimechimbwa katika mwamba. Fikiri, msomaji, mita 62 za mwamba, kwa nyundo na patasi, katika mwanga wa taa ya mafuta! Habari za mabwana walioimiliki ngome ile zimeandikwa, na majina yao yasomwa hata leo. Mtu aliyeshuka kisimani kila asubuhi hana jina mahali popote.

Labda mtu atauliza, kwa nini wajisumbue kujenga juu vile? Simama ukutani utapata jibu. Chini yako uwanda wote wa Rhine umelala wazi kama mkeka. Zamani nafaka na divai zilipita huko kutoka kusini kwenda kaskazini, na chumvi na fedha zikakatiza njia hizo. Aliyekaa juu aliliona kila gari la ng'ombe kabla mwenye gari hajamwona yeye. Wako mabwana waliotumia kimo hicho kuwalinda wasafiri. Wako pia waliokitumia kuwanyang'anya, na mwaka 1462 miji na wakuu wa jirani walichoka, wakaungana, wakaichoma Haut-Koenigsbourg kwa kuwa imekuwa pango la wanyang'anyi wenye vyeo. Ikajengwa tena. Mwaka 1633 Waswidi wakaizingira siku 52, wakaitia moto, na tangu hapo ikaachiwa miti na ndege.

Katika Injili Bwana wetu alisimulia habari za shamba la mizabibu lenye mnara, na kabla yake nabii Isaya alikuwa ameimba jambo lilo hilo. Mfano huu tumeuhubiri mara nyingi, lakini hatukuwahi kuangalia utaratibu wa kazi ya yule mwenye shamba. Alianza na mizabibu. Ua, shinikizo na mnara vilifuata, navyo vilitengenezwa kwa ajili ya mizabibu, ili mwizi asiingie na nguruwe-mwitu asifukue. Mnara ulikuwa mtumishi wa shamba. Kule Alsace tuliona jinsi utaratibu huo unavyoweza kupinduliwa: mnara ukawa ndio bwana, na shamba likawa la kuulisha mnara. Wa chini akapanda, akapogoa, akakamua. Wa juu akahesabu mapipa.

Nao mnara ukiisha kuwa bwana, hauhitaji sababu kubwa ili uwaletee watu balaa. Juu ya kijiji cha Eguisheim iko minara mitatu mekundu, imesimama pamoja juu ya kilima kimoja. Ngome zake ziliteketezwa mwaka 1466, katika vita ambavyo watu wa huko waviita Vita vya Senti Sita. Msaga nafaka mmoja, Hermann Klee, alidai kwamba amepunjwa vipande sita vya fedha ndogo katika ujira wake. Asipopata haki aliyoitaka katika mji wa Mulhouse, alimpa dai lake bwana mmoja wa ngome, Peter wa Regisheim. Na bwana yule, ambaye bila shaka hakuhitaji senti sita, alikuwa akitafuta kisingizio cha kuupiga mji. Hivyo vita vikaanza. Watu wa Mulhouse walipanda wakaichoma minara, naye mwenye dai akapoteza uhai wake. Watembezaji wa wageni huisimulia habari hii kama kichekesho, nasi tulicheka pamoja na wenzetu. Usiku hatukuiona tena kuwa ya kuchekesha. Senti sita zililipika, tena kwa siku moja.

Eguisheim hiyo hiyo, kwa mapokeo, ndiko alikozaliwa mwaka 1002 Bruno, mwana wa kabaila wa mahali pale, aliyekuja kuwa Papa Leo wa Tisa, nasi twamheshimu kama mtakatifu. Sanamu yake imesimama penye chemchemi katikati ya kijiji. Alitawala tangu 1049 hata 1054, akapigana kwa bidii na uuzaji wa vyeo vya Kanisa. Lakini mwaka 1053 alitoka na jeshi kuwapiga Wanormani kusini ya Italia, akashindwa, akashikwa, akawekwa kifungoni kwa miezi. Mtakatifu Petro Damiani, rafiki yake katika kulitengeneza Kanisa, alimlaumu waziwazi kwa kushika upanga. Mtoto wa ngome alikuwa amekuwa mtakatifu, na bado ngome haikuwa imemtoka yote.

Sasa twafika kwenye lile lililo gumu. Kijiji cha Scherwiller kimezungukwa na mizabibu, na juu yake husimama mnara wa Ortenbourg. Hapo, tarehe 20 Mei 1525, wakulima waliuawa kwa maelfu. Walikuwa wameinuka mwaka ule katika nchi nyingi za Kijerumani. Madai yao kumi na mawili yaliandikwa Memmingen mwezi wa Machi, yakaenea upesi. Walitaka jumuiya ya waamini iruhusiwe kumchagua mchungaji wake. Walitaka zaka ya nafaka imtunze mchungaji huyo, na inayobaki wapewe maskini. Walitaka wasihesabiwe kuwa watwana, kwa kuwa Kristo amewakomboa watu wote kwa damu yake. Walitaka kuni za msitu na samaki wa mto. Tumeyasoma madai hayo yote, wala hatukukuta hata moja linaloomba ngome.

Mtawala Antoine wa Lorraine alivuka milima na askari wa kukodiwa. Mjini Saverne, tarehe 17 Mei, wakulima waliokwisha kukubali kuweka silaha walichinjwa kwa maelfu, na kiongozi wao, Erasmus Gerber wa Molsheim, akanyongwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Scherwiller. Ingekuwa rahisi kwetu kuandika kwamba hayo ni mambo ya makabaila, na kumaliza hapo. Lakini mtawala yule alisema anaitetea imani Katoliki. Na kabla ya siku hiyo wakulima walikuwa wamezivamia abasia na kuyanywa mapipa yake, jambo ambalo hatulisifu. Ila yatupasa kujiuliza mapipa yale yalijaa kwa jasho la nani. Maaskofu na abasia walikuwa na minara yao pia, na shamba lililoilisha lilikuwa lile lile.

Je, mambo haya yana umri wa miaka 500 tu? Mwaka 1899 mji wa Sélestat ulimtolea gofu la Haut-Koenigsbourg Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, kwa kuwa Alsace wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Tangu 1900 hata 1908 mjenzi wake, Bodo Ebhardt, aliijenga ngome upya kutoka chini hata paa, na tarehe 13 Mei 1908 Kaisari alikuja kuizindua, mvua ikinyesha juu ya watu waliovikwa mavazi ya kale kwa ajili ya sherehe. Wasomaji wetu wataikumbuka miaka hiyo kwa jambo jingine. Tangu 1905 hata 1907, katika vita vya Maji Maji, askari wa Kaisari huyo huyo walichoma vijiji na maghala ya kusini ya nchi yetu, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Kule jiwe juu ya jiwe, huku ghala baada ya ghala. Katika vyumba vile tulivyovizuru, vikiwa na meza zilizong'aa na pembe za kulungu ukutani, hatukuona mtu akilitaja jambo hilo. Hatumlaumu mtembezaji, labda hajaambiwa.

Wala tusijifanye mahakimu wa Alsace. Katika parokia moja tuliyoitumikia kabla ya kuletwa gazetini, tulijenga ukuta kuizunguka nyumba ya mapadre, kwa sababu ya wezi, ambao kweli walikuwapo. Ukuta ulipokamilika, ulionekana mnyonge bila lango la chuma. Lango lilipofungwa, likataka nakshi. Miezi miwili makatekista hawakupata posho zao. Mmoja wao alikuwa akitembea kilomita 15 kwenda kigangoni, na kilomita 15 kurudi, naye hakusema neno. Sisi ndio tuliotia sahihi malipo ya nakshi. Tulilikumbuka lango hilo tukiwa tumesimama mbele ya minara mitatu ya Eguisheim, tukisikiliza habari za senti sita, na tuliporudi nyumbani jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kumtafuta katekista yule. Yeye alicheka, akasema ameshasahau. Sisi twasadiki kwamba hakusahau.

Nchini kwetu pia iko mizabibu. Wamisionari waliianzisha Bihawana, karibu na Dodoma, na leo wakulima wa Dodoma wanaijua kazi hiyo kuliko sisi tunavyoijua. Kwa hiyo msomaji wa huko atatuelewa upesi tukisema kwamba siku ile tuliyopanda Ortenbourg hatukwenda kwa gari. Mwenyeji wetu, padre mzee wa mahali, alitushauri tuanzie kijijini Scherwiller na kupita kwa miguu katikati ya mizabibu, tupate kuona kwanza kile ambacho ngome ilikuwa ikikitazama. Magoti yetu hayakumshukuru, lakini ushauri wake ulikuwa mwema, nasi twampa kila mmoja wa watu wetu atakayejaliwa kufika huko kwa masomo au kwa hija. Tulipofika juu tulikaa kitambo penye ukuta, tukasali kwa ajili ya waliolala chini yake, wa pande zote mbili.

Katika kushuka tulimkuta mzee mmoja akifunga matawi ya mizabibu yake kwenye nyaya. Padre akatufasiria. Tulipomwambia tunakotoka, aliuliza kama kwetu mizabibu hupogolewa mwezi gani, akashangaa kusikia kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Ndipo tukamwuliza yeye huuona mnara ule kuwa kitu gani, kwa kuwa ameutazama maisha yake yote. Aliinua kichwa, akauangalia kama mtu aangaliaye saa. Alisema kwamba wingu likiufunika, mvua haiko mbali, na yeye hukusanya vyombo vyake. Akaanza kuvikusanya, nasi tukatazama nyuma, tukaharakisha kushuka.