Mashine ya Kupumulia na Amana ya Uzima

Uzima wa mwanadamu ni amana ya Mungu. Aliyekabidhiwa amana huitunza kwa uaminifu; haitupi.

Mwilini mwa kila mtu mna nguvu ya kuzuia magonjwa. Kwa mwenye ukimwi asiyetibiwa, au mwenye kansa anayepewa dawa kali, nguvu hiyo hupungua. Ndipo vijidudu visivyomdhuru mwenye afya huyashambulia mapafu, hata mgonjwa akakosa pumzi. Katika hospitali kubwa waganga humtia mpira kooni, na mashine humpulizia hewa. Mahali pachache iko hata mashine ya kuitoa damu nje, kuitia oksijeni, na kuirudisha mwilini.

Ifahamike vema: mashine haiponyi. Hushika kazi ya mapafu, kama mti unaoegemeza ukuta hata fundi amalize kuujenga. Kiponyacho ni dawa. Kwa homa moja ya mapafu inayowashika sana wenye ukimwi, dawa iitwayo kotrimoksazoli hutolewa kwa muda wa siku 21.

Je, wasema haki wale wanenao, «Huyu ana ukimwi, na afe tu»? Hasha! Kwa dawa za siku hizi mwenye ukimwi aweza kuishi miaka mingi. Haiulizwi mgonjwa ana thamani gani, maana thamani yake haipunguzwi na ugonjwa. Huulizwa kama tiba yaweza kumfaa.

Basi, ni lazima kuitumia mashine sikuzote? La. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII, akiwajibu waganga, alifundisha kwamba mtu hufungwa kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uzima, kadiri ya hali ya watu, mahali na wakati. Hafungwi kuchukua mzigo mzito kupita kiasi. Kama dawa imeshindwa, na mashine yarefusha kufa tu, yaruhusiwa kuiondoa. Huko si kuua: ni ugonjwa umwuao. Lakini kumwondolea pumzi mwenye tumaini la kupona, kwa kuwa amechukiwa au amechosha jamaa, ni dhambi kubwa.

Tena, aachaye mashine hamwachi mgonjwa. Midomo yake ilowanishwe, maumivu yatulizwe, mkono wake ushikwe, na padri aitwe mapema. Mashine ina mwisho wa kazi yake, mapendo hayana.