Aliyepona Maasi Akaangukia Karamuni

Emin Pasha alifika Bagamoyo akiwa hai, jambo ambalo watu wengi walikuwa wameshalikatia tamaa. Mjerumani huyu, aliyezaliwa Oppeln mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer, alikuwa tabibu na mkusanyaji wa ndege na mimea. Tangu 1878 alikuwa pia gavana wa Ikweta, jimbo la kusini kabisa la Sudan iliyotawaliwa na Misri. Khartoum ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Mahdi, kiongozi wa waasi wa Sudan, mwaka 1885, yeye alibaki huko juu ya Nile, njia zote zimekatwa. Baadaye askari wake mwenyewe wakamwasi na kumweka kizuizini. Henry Morton Stanley, aliyetumwa kumtoa, alipita Kongo na msitu wa Ituri akiwa na wapagazi zaidi ya 600 aliowachukua Unguja. Wengi wao hawakuiona tena Unguja: njaa, homa na mishale ya msituni iliwamaliza. Waliobaki waliteremka na Emin kutoka Ziwa Albert hadi pwani yetu, zaidi ya nusu mwaka kwa miguu.

Asubuhi ya tarehe 4 Desemba 1889 walifika kivuko cha Mto Kingani, ambao leo tunauita Ruvu. Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikwenda kuwalaki, akawapa Stanley na Emin farasi wa kuingilia mjini. Mizinga ya heshima ikapigwa. Jioni ikaandaliwa karamu ghorofani, katika nyumba walimokuwa wakila maofisa. Kulikuwa na muziki, mvinyo na hotuba. Huko chini barabarani wapagazi nao walicheza na kuimba, kwa kuwa bahari waliyoiota kwa karibu miaka mitatu sasa ilikuwa mbele ya macho yao.

Wenzake wanasimulia kwamba Emin alichangamka usiku ule kuliko walivyowahi kumwona. Akazunguka meza, akawashukuru watu, akacheka. Baadaye akatoka peke yake kwenda upande wenye hewa. Macho yake yalikuwa mabovu sana. Kitabu alikisoma akikisogeza karibu kabisa na uso. Nyumba ilikuwa ngeni kwake, giza limeingia, na mbele yake palikuwa na uwazi unaotazama nje, wenye ukingo mfupi. Akaupita, akaanguka hadi chini. Akaokotwa hana fahamu, damu ikimtoka masikioni.

Hakufa. Alilala kitandani Bagamoyo kwa wiki kadhaa, akiuguzwa na madaktari wa Kijerumani pamoja na Thomas Heazle Parke, tabibu wa msafara wa Stanley, ambaye naye alipatwa na homa karibu imwondoe. Stanley alivuka kwenda Unguja bila ya mtu ambaye yeye alivuka bara zima kumfuata. Emin alipopona aliingia utumishi wa Wajerumani. Aprili 1890 akarudi bara, mwaka huohuo akaanzisha boma la Bukoba, na Oktoba 1892 akauawa huko Kongo.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha historia, na wanaokisimulia hivyo naona wanakipoteza. Huyu alikuwa mtu wa vipimo. Miaka nenda miaka rudi aliandika halijoto, mvua, urefu wa bawa la ndege na jina la kijiji alicholala. Aliishi kati ya maasi na njaa kwa sababu hakuna alichokichukulia kuwa salama kabla hajakichunguza. Usiku wa Bagamoyo aliiweka chini tabia hiyo, na ni rahisi kuelewa kwa nini: alikuwa amezungukwa na rafiki, chakula kizuri, muziki na upepo wa bahari. Swali dogo ambalo angemuuliza mpagazi yeyote njiani, “Hapa pana nini mbele?”, halikumjia.

Utulivu wenyewe ulikuwa katika macho ya wageni tu. Mji ule ulikuwa vitani. Watu wa pwani walikuwa wameinuka tangu 1888 kupinga utawala wa Wajerumani. Nyumba zilikuwa zimeteketezwa, wakazi wametawanyika. Kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alikuwa bado anawindwa wakati glasi zinagonganishwa, na siku kumi na moja baada ya karamu, tarehe 15 Desemba, alinyongwa Pangani. Bwana Heri wa Saadani alikuwa bado hajaweka silaha chini. Mwenyeji wa Bagamoyo aliyeisikia bendi ile usiku hakuwa na sababu ya kuona amani. Mgeni huona kwamba mahali pametulia kwa kuwa hajajifunza bado kuzisoma dalili zake.

Hapo ndipo kisa cha 1889 kinapomgusa anayetoka Dar es Salaam leo kwenda kupumzika Bagamoyo.

Itazame familia inayoondoka Ubungo au Mbagala siku ya sikukuu. Njiani wote wako macho. Baba anakodolea bodaboda, mama anahesabu watoto kila gari linaposimama, na kuanzia Tegeta hadi Mapinga hakuna anayelegea. Wakishapita minazi na kuiona bahari, mabega yanashuka. Wanaopenda historia watapita Misheni, ambako mwili wa mpelelezi Livingstone ulifikishwa Februari 1874 na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, au watakwenda Kaole kwenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Watoto, hata hivyo, wanataka maji.

Na maji yenyewe hayapo! Yamekupwa. Mchanga umelala wazi mamia ya hatua, ngalawa zimeegemea ubavu mmoja, wanawake wanainama kutafuta chaza. Ufuo wa Bagamoyo una mteremko mdogo mno. Ndiyo sababu meli kubwa za zamani zilitia nanga mbali, na watu na mizigo vikabebwa mabegani hadi nchi kavu. Mgeni akiuona uwanja ule mkubwa anadhani amepewa zawadi. Watoto wanakimbilia fungu la mchanga lililoko mbele, na wakubwa wanatandika mkeka wapakue pilau.

Anachokijua mvuvi, na mgeni hakijui, ni saa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti ikifika mita 3 na zaidi. Katika pwani hii ya Dar es Salaam na Bagamoyo, maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Hizo ni saa za mgeni wa siku moja hasa! Anafika wakati bahari iko tupu, anakula wakati inarudi, na anashuka kuogelea, tumbo limejaa na pengine bia kadhaa kichwani, wakati imekaribia kufurika.

Tena haijai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huongezeka kidogo, kiasi cha kumfanya mtu aseme bado sana. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta karibu nusu ya maji yote: mita moja na nusu, kupita kifua cha mtu mzima, ndani ya saa mbili. Katika ufuo wa bapa kama huu maji hutembea mbali kwa muda mfupi. Baya zaidi ni lile fungu. Kati yake na ufuo huwa kuna mkondo wa chini, bonde ambalo halionekani mtu akilivuka kwa nyayo. Maji huingia humo kwanza. Watoto wako juu ya mchanga mkavu, wanacheza, na nyuma yao njia ya kurudia imeshakuwa mto. Wakigundua, wanaingia kwa hofu, na mkondo unawapeleka pembeni. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake; hapa hata uliyoyafika asubuhi huyajui tena saa nane.

Kwa nini wasiulize? Nafikiri ni aibu kidogo, na zaidi ni ile imani kwamba likizo ni ruhusa ya kutofikiri. Mtu huyohuyo akinunua kiwanja Kerege atauliza majirani wote. Akikodi mashua ya Mbudya pale Kunduchi haulizi idadi ya abiria wala jaketi okozi ziko wapi, na akipewa jaketi huikalia. Asubuhi bahari ni shwari. Alasiri upepo umekaza, na safari ya kurudi si ile ya kwenda. Wengine hutembea ufuoni kuelekea kaskazini, mlangoni mwa Ruvu, wapige picha, ilhali mto ule una viboko na mamba, na kila mtoto wa hapo anaujua.

Ulizeni basi. Nendeni mnada wa samaki mapema, mnunue changu au kibua, na mumwulize muuzaji: “Shikamoo mzee, leo maji yanajaa saa ngapi?” Atawaambia bila kuangalia kitabu, na atawaambia pia upande gani una mkondo. Mkisikia ni bamvua, nendeni kwenye mafungu asubuhi pamoja na mtu mzima, na muwe mmerudi maji yanapogeuka. Ogeni alasiri karibu na ufuo, palipo na mchanga mlioukagua wenyewe kwa miguu asubuhi. Mtu mzima mmoja akae bila pombe, bila simu, macho kwa watoto, na apokewe kila baada ya muda na mwingine aliye katika hali hiyohiyo. Jaketi ivaliwe kabla mashua haijasukumwa majini. Na mashua ikionekana imejaa, shukeni, hata kama nauli imeshalipwa na wenzenu wanawacheka.