Mshenga wa Taifa

Katika jamii zetu nyingi kijana hajipelekei posa mwenyewe. Hupelekewa na mshenga, mtu mzima ajuaye kukaa na kusema. Mshenga humsifu kijana wake kuwa ni mchapa kazi, mpole, mtoto wa watu. Aibu zake hazitaji, na akiulizwa huzipitia juu juu. Hata hivyo wenye nyumba hawamwiti mwongo. Tangu alipobisha hodi wamejua katumwa na nani, na sifa anazozitoa wanazipokea kuwa ni sifa za mshenga. Hupeleleza wenyewe, kisha hujibu.

Mataifa nayo huposa. Hutafuta kura, mikopo na silaha, au hutafuta tu kufikiriwa vyema. Na kwa ajili hiyo huwatuma watu kusema na wabunge, waandishi wa magazeti na wanafunzi wa nchi za wengine. Wapo wanaoamini kwamba kazi hiyo yote ni ulaghai uliovaa tai, na kwamba mwenye haki hana haja ya kujisemea. Sisi hatukubaliani nao. Mwenye nguvu huweza kunyamaza na bado akasikilizwa. Mnyonge akinyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika.

Wameru walilijua hilo. Mwezi Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, na nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, na kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kiliruhusu malalamiko ya wenyeji yapokewe na kuchunguzwa. Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, aliwasemea mbele ya Baraza la Udhamini. Kisha Kirilo Japhet, Mmeru mwenyewe, akafika New York na kusema mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kamati ikapitisha azimio la kuwaunga mkono. Lakini lilipofikishwa mbele ya Baraza Kuu lenyewe, mwishoni mwa mwaka huo, halikupata theluthi mbili za kura.

Basi yafaa nini kusema kweli waziwazi, ikiwa kura hazitoshi? Swali hili makaburu wa Afrika Kusini walilijibu kwa njia yao. Katika miaka ya 1970 Wizara yao ya Habari ilitumia mamilioni ya randi kwa siri ili kuupamba ubaguzi mbele ya dunia. Gazeti la Kiingereza, The Citizen, lililoanza kutolewa Johannesburg mwaka 1976, lilionekana kuwa mali ya mfanyabiashara, kumbe lilikuwa likigharimiwa na serikali. Fedha nyingine zilipelekwa Marekani ili kulinunua gazeti la Washington Star, ijapokuwa jaribio hilo halikufaulu. Mambo yalipofichuka, Waziri Connie Mulder alijiuzulu mwaka 1978, na John Vorster akaacha urais mwaka 1979.

Ubaya wa mambo hayo haukuwa katika fedha peke yake, maana Wameru nao walichanga. Ubaya ulikuwa kwamba msomaji alibishiwa hodi na mshenga aliyejifanya jirani. Aliyadhani maneno yale kuwa ni maoni ya mtu huru, akakosa nafasi ya kuyapima. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1938 inayomtaka anayeisemea serikali ya kigeni ajiandikishe. Haimkatazi kulipwa, yamtaka ajulikane. Babu zetu wangeielewa sheria hiyo bila mkalimani.

Hatusemi kwamba kujulikana kunamaliza kila shaka. Katika vita vya Nigeria vya 1967 hadi 1970, Biafra iliiajiri kampuni ya Markpress, huko Geneva, kueneza habari zake. Kuajiri kinywa cha mgeni si kosa. Seaton hakuwa Mmeru. Lakini dunia ilipoonyeshwa picha za watoto waliodhoofika kwa njaa, picha za kweli kabisa, mateso ya mtoto yaligeuka kuwa hoja ya serikali. Mtoto yule hakumtuma mtu. Nani alikuwa na haki ya kumposea? Na kama picha zile zisingeonyeshwa, nani angepeleka chakula? Walimu watafanya vyema kuliacha swali hili mbele ya wanafunzi wao bila kuwaharakisha.

Lipo pia sharti jingine la mshenga, ambalo husahauliwa na wanaoandika juu ya mabalozi. Hana budi kurudi na jibu, hata likiwa la kukataliwa, akakaa mbele ya waliomtuma na kuwaeleza yote. Hapo ndipo makaburu walipowadanganya hata watu wao, kwa maana fedha za hila ile walizificha ndani ya matumizi ya ulinzi, Bunge lao lisijue zinakwenda wapi. Kirilo Japhet alirudi Tanganyika bila ardhi. Hakujificha. Alisafiri akikutana na watu, Wameru na wasio Wameru, akiwaeleza aliyoyasema kule New York na jinsi alivyojibiwa. Na wengi waliomsikiliza walikuwa hawajapata kujua kwamba kulikuwa na mahali ambapo Mwingereza angeweza kuulizwa.