Msalaba na Mnyororo Chini ya Paa Moja

Je, kitu kitakatifu kilichoondolewa altareni na kuwekwa ndani ya kabati la kioo, ili watu wapite wakikitazama, chabaki kitakatifu? Na yule anayekuja kukitazama, yu mgeni tu aliyelipa kiingilio chake, ama ana wajibu fulani mbele ya kitu kile? Huenda msomaji akadhani maswali haya ni ya wanachuoni wasio na kazi nyingine. Sivyo. Watu wengi huingia katika Makumbusho ya Kikatoliki ya Bagamoyo, wanafunzi na watu wazima, wenyeji na wageni wa ng'ambo, na jinsi wanavyoyatazama yaliyomo ni jambo la dhamiri kuliko la macho.

Nyumba yenyewe yafaa ielezwe kwanza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwako Unguja tangu miaka ya 1860. Mwaka 1868 walivuka kwenda bara, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakapata ardhi Bagamoyo, wakasimamisha msalaba karibu na pwani na kuanza misioni. Watu wa kwanza wa misioni ile walikuwa hasa watoto na vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Nyumba ya masista ilijengwa mwaka 1876, nayo ndiyo iliyo na makumbusho leo. Ndani yake mna picha na maandishi ya zamani, vitu vya ibada na vya maisha ya wamisionari, na vitu vya utamaduni wa watu wa pwani. Pamoja navyo mna minyororo iliyowafunga watumwa. Vyote vimekaa chini ya paa moja.

Sasa tumfikirie mtu wa Jadida, huko Wete katika kisiwa cha Pemba, aliyefunga safari kwenda kuiona nyumba hii. Atavuka bahari hadi Unguja, atavuka tena hadi Dar es Salaam, kisha atashika barabara ya kaskazini mwendo wa kilomita 70 hivi. Yaelekea mtu huyo ni Mwislamu, kwa kuwa karibu watu wote wa Pemba ni Waislamu. Akiingia, atakuta mbele yake vitu vya ibada isiyo yake, na sanamu ambazo dini yake haizitumii kabisa. Atazame nini, na kwa moyo gani? Tumemchagua yeye kwa makusudi. Lililo wajibu kwake aliye mgeni litakuwa wajibu mkubwa zaidi kwetu sisi ambao vitu vile ni vya nyumbani.

Kwa kweli mtu huyo hahitaji kufundishwa adabu ya jambo hili, kwa maana anayo tangu utotoni. Msahafu uliochakaa, ambao kurasa zake zimelegea hata hausomeki tena, hautupwi jalalani. Huzikwa mahali safi, au huhifadhiwa kwa heshima. Nasi Wakatoliki tunayo desturi iliyo karibu sana na hiyo: rozari iliyokatika, sanamu iliyovunjika, kanzu ya Misa iliyoliwa na nondo, kama vimebarikiwa, huchomwa moto au huzikwa, wala havichanganywi na taka. Dini hizi mbili zatofautiana katika mambo makubwa, lakini katika hili zafundisha neno moja, kwamba kitu kilichomaliza kazi yake hakijamaliza heshima yake.

Makumbusho yamefuata njia ya tatu. Kitu hakitumiki tena, wala hakizikwi, bali huachwa katikati, kikiangaliwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Kilichokuwa altareni kilikuwa na mtu wa kupiga magoti mbele yake, na kilichozikwa kimefichwa na macho ya dharau, lakini kilichomo katika kioo hakina ulinzi wowote ila moyo wa yule anayekitazama. Akija na moyo wa sokoni, atakifanya bidhaa, na akija na moyo wa kicheko, atakifanya mchezo. Ndiyo maana twasema kutazama ni tendo, na kama kila tendo la mtu, laweza kuwa jema au baya.

Huenda msomaji akauliza: heshima hiyo ni ya mti na chuma? Swali hili ni la kale. Katika karne ya nane, Kaisari wa Konstantinopoli alipopiga marufuku sanamu takatifu, mtetezi wake mkuu alikuwa Mtakatifu Yohane wa Damasko. Mtu huyu aliishi katika nchi iliyotawaliwa na makhalifa wa Kiislamu, na kwa sababu hiyo mkono wa Kaisari, aliye Mkristo mwenziwe, haukuweza kumfikia. Mwaka 787 Mtaguso wa Nisea ukathibitisha mafundisho kama yale aliyoyatetea, kwamba heshima inayotolewa mbele ya sanamu hairudi kwenye ubao wala rangi, bali yamfikia yule aliyechorwa. Kitu ni mlango tu, na mtu haheshimu mlango kwa ajili ya mbao zake, ila kwa ajili ya mwenye nyumba.

Tukilishika fundisho hilo, ndipo tutaelewa kwa nini mnyororo nao wadai heshima. Mnyororo haukubarikiwa na padre yeyote. Ni kazi ya mhunzi, na kazi yake ilikuwa ovu. Lakini uligusa shingo ya mtu, na mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi ikiwa ubao uliochorwa kwa rangi waweza kutupeleka kwa mtakatifu, chuma kilichokwaruza ngozi ya mwanadamu chatupeleka kwa mwanadamu yule, aliyekuwa na mama, na jina, na lugha aliyoiacha nyuma. Anayeuchezea mnyororo ule, akiuvaa shingoni ili apigwe picha, amemkosea mtu huyo.

Na hapa mgeni wetu wa Jadida hatakuwa mgeni tena. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 dhoruba kubwa ilipiga pwani hii. Huko Bagamoyo iliharibu majengo ya misioni, na huko Unguja iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikupata msiba huo, na tangu hapo ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Karafuu zilipozidi thamani, mashamba yalitaka mikono, na mikono ilitafutwa bara. Kilwa ilikuwa bandari kubwa zaidi ya biashara hiyo, lakini Bagamoyo nayo ilikuwa na sehemu yake. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Hata hivyo majahazi yaliendelea kupenya kwa siri mpaka Pemba, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika visiwa vile mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo mnyororo unaotazamwa leo Bagamoyo haukuishia Bagamoyo. Mwisho wake mwingine ulikuwa chini ya mikarafuu.

Hapo mtu aweza kujibu kwa methali tuliyoizoea: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naye hasemi kwa ubaya. Katika kijiji kimoja cha pwani au cha visiwani, wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga wameoana, wamezikana, wanaketi mkeka mmoja. Kwa nini kuwatolea minyororo? Je, si kuchokonoa kidonda kilichofunga?

Hoja hii ina uzito, nasi hatuibezi. Amani ya majirani ni kitu cha thamani, na mwenye kuonyesha mnyororo ili watu wachukiane atatoa hesabu mbele ya Mungu. Lakini methali yenyewe yasema tugange. Mganga hagangi asilolijua. Tena wazee wetu hao hao walituachia neno jingine: mficha maradhi kilio humfichua. Dharau ya mtu kwa mtu, ile ya kuulizana asili kabla ya kuozeshana, haikutoweka kwa sababu minyororo ilifichwa. Ilijificha nayo. Kumbukumbu iliyosemwa kwa ukweli na kwa utulivu humwondolea mjukuu wa mtumwa aibu isiyo yake, na mjukuu wa bwana humwondolea kiburi kisicho haki. Jina la Jadida, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni mpya, na sisi katika Kiswahili twasema kujadidi jambo, yaani kulifanya upya. Hakuna awezaye kujadidi asichokubali kwamba kilikuwako.

Basi ikiwa twamtaka mtu wa Pemba autazame mnyororo bila kugeuza uso, haki yatudai nasi Wakatoliki tuutazame msalaba wa misioni ile bila kujisifu. Watoto wale walikombolewa kwa fedha. Walilishwa, wakatibiwa, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono, na wamisionari wengi waliowahudumia walikufa kwa homa wakiwa bado vijana, makaburi yao yako pale pale. Hayo ni kweli, wala hayapaswi kusahauliwa. Lakini ni kweli vilevile kwamba waliokombolewa waliishi chini ya amri kali, wakalima mashamba ya misioni, wakaozwa na kukalishwa katika vijiji vilivyopangwa na Mapadre. Na wapo waliotoroka. Wataalamu wa historia waliosoma barua za wamisionari wenyewe wameyaeleza hayo waziwazi.

Je, mtu akimtoa mwenzake shimoni, apata haki ya kumwamuru aelekee wapi? Wamisionari wale waliona ni wajibu wao kuwalea watoto wasio na wazazi wala pa kwenda, na pengine hawakuwa na njia nyingine. Lakini mtoto akikua, deni la shukrani haliwezi kuwa mnyororo wa pili. Fadhila yenye kudai utii wa milele imeacha kuwa fadhila. Anayetoroka kwa mfadhili wake si lazima awe mtovu wa shukrani, huenda anauliza tu kama uhuru aliopewa ni wake kweli. Nyumba ya kumbukumbu iliyo ya Kanisa yapaswa kuwapa nafasi hata waliotoroka, kwa maana Kristo tunayemwonyesha juu ya msalaba hakumfunga mtu yeyote amfuate.

Kuna somo jingine nje ya nyumba, katika kiwanja cha misioni. Pale pamesimama mbuyu mkubwa, ambao husemwa ulipandwa mwaka 1868. Katika shina lake chaonekana kipande cha mnyororo, mti umekua ukaumeza. Mgeni mwenye haraka, akitoka kutazama minyororo ya makumbusho, atasema moyoni mwake kwamba hapa ndipo watumwa walipofungwa. La. Husimuliwa kwamba mwaka 1895 mwanamke aliyehudumia wagonjwa, Madame Chevalier, alimfunga punda wake hapo, na mnyororo ukasahauliwa. Hata jina la mji lina mambo yake. Wapo wasemao kwamba Bagamoyo, yaani bwaga moyo, ni kilio cha mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari, na wapo wasemao ni furaha ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari na kutua mzigo wake. Kwa hiyo kutazama peke yake hakutoshi, yapasa kuuliza. Huruma inayojengwa juu ya hadithi isiyo kweli hubomoka siku ukweli unapojulikana, na wenye kukana utumwa hufurahi siku hiyo.

Ndugu msomaji, tukikusanya hayo yote, twaweza kuyajibu maswali tuliyoanza nayo. Kitu kitakatifu ndani ya kioo hakina tena kazi yake, lakini dai lake kimebaki nalo, na dai hilo lamwangukia kila apitaye. Mgeni wa dini nyingine hadaiwi kuabudu. Adaiwa asidharau, na aulize kwa unyofu watu waliokitumia kitu hiki walitafuta nini. Mwenyeji wa dini ile adaiwa zaidi, yaani aseme kweli hata pale inapomuumiza. Na mbele ya mnyororo hakuna mgeni wala mwenyeji, sote twadaiwa kunyamaza kidogo na kumkumbuka mtu tusiyelijua jina lake.

Twawasihi walimu na wazazi wasiwapeleke watoto katika nyumba za namna hii kama wanaopelekwa kutembea tu. Waelezwe kabla ya kwenda, na waulizwe baada ya kurudi. Hao wa Pemba wanayo makumbusho yao katika ngome ya kale ya Chake Chake, na magofu ya msikiti wa Ras Mkumbuu, na sisi wa bara tukienda huko yatupasa tuvue viatu vya kiburi kama tunavyowataka wao wavivue Bagamoyo. Mtoto aliyefundishwa kusimama kwa adabu mbele ya kitu cha mwenziwe amekwisha anza kujifunza kusimama kwa adabu mbele ya mwenziwe mwenyewe. Mungu atujalie macho ya namna hiyo.