Nani Aliwapa Majina ya Shangazi?

Kila tangazo la kutuonya kuhusu matapeli wa simu linamsemesha mteja. Usimpe mtu namba yako ya siri. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040. Ni maonyo mema, na yamewaokoa wengi. Lakini bado sijasikia tangazo linalomsemesha yule tuliyemkabidhi majina yetu ayatunze.

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma. Msimu uliopita, muda mfupi baada ya kulipwa kwa simu, alipigiwa na kijana mwenye sauti ya adabu. "Shikamoo mama." Kisha akamtajia majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, pamoja na kiasi kilichoingia. Shangazi alimwamini kwa sababu, kwa hesabu yake, mambo hayo yalijulikana kwake, kwa mnunuzi na kwa kampuni ya simu tu. Hela ikaenda. Ndugu wakaanza kumhoji yeye: kwa nini ulimsikiliza? Kijana yule aliyapata wapi majina matatu, hakuna aliyeuliza.

Swali hilo linaniuma, maana siku hizi tunaandikwa kila tunapokwenda. Wakala wa pesa za simu pale Majengo anaandika kwenye daftari jina lako, namba ya simu na kiasi unachotoa, nawe unasaini chini ya waliotangulia huku unasoma habari zao. Nyumba ya wageni inakuuliza mpaka kabila. Programu za mikopo zinachukua namba zote zilizomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, mjomba wako na mwalimu wa mtoto wako wanatumiwa ujumbe wa kukufedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Wezi wakubwa nao hawahitaji kufungua daftari la kibandani. Oktoba 2020 nchini Uganda waliingia kwenye mifumo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha malipo ya benki na ya simu. MTN, Airtel na Benki ya Stanbic zilitoa tamko la pamoja: mtoa huduma mwingine amepata tatizo la mfumo, salio la wateja halijaguswa. Nafikiri sana kuhusu huyo "mtoa huduma mwingine". Fedha za watu zilikuwa zikipita mikononi mwake, na wengi wao hawakuwahi kulisikia jina lake.

Bunge letu, hapa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayetunza taarifa aiarifu Tume bila kuchelewa usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Ni hatua ya heshima. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2019, wamempa mtunzaji saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na zaidi ya hapo wanataka mwenye taarifa naye aandikiwe. Hilo ndilo ninalolitamani hapa kwetu, liandikwe na lisimamiwe. Mtu akijua kwamba majina yake yako mikononi mwa wezi, hatashtuka kuyasikia yakitajwa na mgeni. Asipojua, adabu ya mpigaji na usahihi wa taarifa zake vinakuwa ndiyo uthibitisho.

Arifa hiyo kwa mteja iseme kwa Kiswahili cha kawaida nini kimechukuliwa, lini, na mteja afanye nini leo. Ije kwa ujumbe wa simu, kwa sababu mkulima wa Mpunguzi au muuza mahindi wa Kibaigwa hafungui tovuti ya kampuni. Njia ipo: akikopa salio la shilingi 500, ujumbe wa kumkumbusha deni unamfikia siku hiyo hiyo.